Dar hadi Moshi kwa gari na watoto wadogo: mwongozo kamili wa safari ya Desemba

Mtoto wa miezi tisa hajui kwamba zimebaki kilomita mia moja. Anachojua ni kwamba amebanwa, jua linampiga shavuni na maziwa yake yameisha. Hilo tulilijua Desemba moja, safari yetu ya kwanza kwenda kwa bibi yao tukiwa na watoto wawili. Tulipanga kutoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Tukatoka saa tatu kasoro, kwa sababu mizigo ilikuwa haijafungwa. Mdogo alianza kulia Hedaru na akalia mpaka Same, jua likatuzamia hapo. Kaka yake wa miaka minne akatapika ndani ya begi la nguo za kubadilisha, lililokuwa wazi miguuni pake. Tulifika saa tatu na nusu usiku, na bibi alipompokea mjukuu wake, mtoto alikuwa ameshalala kwa kuchoka kulia.

Tangu hapo tumeipita barabara hiyo mara nyingi, na kila ninachoandika hapa kimetoka katika jambo moja: ratiba ya safari huipanga mtoto mdogo kuliko wote ndani ya gari. Dereva na mizigo watamfuata, hata shemeji anayesubiri Moshi na mbuzi wake.

Kwanza: siku moja au mbili?

Dar hadi Moshi ni takribani kilomita 560. Dereva akiwa peke yake anaweza kukwambia ni mwendo wa saa nane. Kwa familia hesabu ni nyingine. Barabara hii inapita katikati ya vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50 na mara nyingi askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Ukichanganya na malori na matuta, wastani wako halisi ni kama kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni saa tisa na zaidi za matairi kuzunguka. Weka vituo vitano vya nusu saa, jumla inakuwa karibu saa kumi na mbili za safari. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, unafika saa kumi na moja jioni, na hakuna kilichoharibika njiani.

Ushauri wangu: ukiwa na mtoto wa chini ya miaka miwili, lala njiani. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu hadi sita na madereva wawili, siku moja inawezekana, ila kwa sharti la kutoka alfajiri. Ukichelewa ukatoka saa mbili asubuhi, usijidanganye kwamba utafidia kwa kukanyaga mafuta. Badili mpango pale pale, pigia simu gesti ya Korogwe, lala.

Pa kulala ni Korogwe au Mombo, ambako umeshapita nusu ya njia. Watu wengi wanatamani Lushoto, na ni kweli kuna hewa safi na mapeasi, na usiku unajifunika blanketi wakati Dar watu wanatokwa jasho. Lakini kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita kama 33 za kona baada ya kona. Mtoto anayetapika kwenye gari hatamaliza kona hizo akiwa msafi, na kesho yake unashuka nazo tena. Kama ni kupumzika tu, lala bondeni. Lushoto iendee kwa siku mbili tatu za peke yake.

Wiki mbili kabla: gari

Peleka gari kwa fundi wiki mbili kabla, isiwe siku mbili. Desemba mafundi wana foleni, na kifaa kikikosekana unahitaji muda wa kukitafuta Kariakoo.

Anza na matairi, hata kama kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, bado zinaonekana nzuri. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2315, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo, hata kama halijatembea sana, mpira wake umekauka, na kati ya Mkomazi na Same lami ya Desemba inachoma. Matairi ya mtumba ndiyo yanayopasuka huko. Tazama na tairi la akiba tarakimu hizo hizo, lijaze upepo, na uhakikishe jeki na spana ya magurudumu vimo na vinafungua nati za gari lako. Upepo wa matairi fuata kibandiko kilichoko mlangoni upande wa dereva, tena soma mstari wa gari lililojaa watu na mizigo.

Baada ya hapo: breki, maji ya rejeta, mikanda, betri, vifutio vya kioo kwa sababu mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, na kiyoyozi. Watu huona kiyoyozi ni anasa. Kwa mtoto mchanga anayepita Same saa nane mchana si anasa. Kikishindikana kutengenezwa, hiyo ni sababu nyingine ya kulala Mombo na kupita Same asubuhi.

Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za tahadhari, kizimamoto ambacho hakijapitwa na tarehe, bima iliyo hai, leseni ya kila atakayeshika usukani. Lipa kabisa faini za zamani ukiwa nyumbani. Kukaa juani nusu saa na mtoto analia huku mkitafuta namba ya malipo ni jambo unaloweza kulikwepa.

Kiti cha mtoto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapowakosea watoto wetu tukiamini tunawapenda. Mama anampakata mtoto kiti cha mbele, mkanda umewafunga wote wawili, na kila mtu anaona yuko salama mikononi mwa mama yake.

Fanya hesabu. Mtoto ana kilo 10. Gari linakwenda 50, kasi ile ile ya kibao cha kijijini, linagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita. Kwa sekunde hiyo ndogo, mikono ya mama inatakiwa izuie nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Hakuna mama duniani mwenye mikono hiyo. Na kama mkanda umewazunguka wote wawili, mwili wa mama ndio unaomkandamiza mtoto.

Kiti cha mtoto kinapatikana kwenye maduka ya vitu vya watoto na kwa wauza mitumba. Cha mtumba kitazame vizuri: plastiki isiwe na ufa, mikanda isiwe imechanika, kifungo kibane na kuachia, na kama muuzaji anajua kilikuwa kwenye ajali, kiache. Kifunge nyuma. Mtoto wa chini ya miaka miwili atazame nyuma ya gari, maana shingo yake bado haijaweza kubeba uzito wa kichwa. Kiti kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele penye mfuko wa hewa (airbag), kwani ukifunguka unakipiga kiti kwa nguvu mgongoni. Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise. Kikicheza zaidi ya unene wa kidole gumba, fungua, kandamiza kwa goti, funga tena. Mkanda wa mtoto kifuani usiruhusu kufinya mkunjo kwa vidole viwili.

Mkubwa kidogo, wa miaka minne hadi karibu kumi, anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na nyongani, usimkate shingo wala tumbo. Mto wa nyumbani haufai, unateleza.

Mzoeze mapema. Wiki moja kabla, mweke kwenye kiti kila mnapokwenda sokoni au kanisani. Mtoto anayekutana na kiti kwa mara ya kwanza siku ya safari atalia hadi Bagamoyo.

Na jambo ambalo halina mjadala kwetu: mtoto hatolewi kitini gari likiwa linatembea. Analia anataka kunyonya? Dereva anatafuta pa kuegesha, mama ananyonyesha gari likiwa limesimama, mtoto anacheulishwa, anarudishwa. Dakika ishirini. Hata akilala fofofo, kila baada ya saa mbili mtoe anyooshe mgongo.

Mabegi matatu

Mizigo ya Moshi (nguo za Krismasi, zawadi, mchele wa bibi) inakwenda kwenye buti na haifunguliwi njiani. Mengine yako katika mabegi matatu, na kila mtu mzima anajua kila begi liko wapi.

La kwanza ni la uchafu na usafi, linakaa karibu na mlango wa nyuma: pampasi mara mbili ya zile unazodhani zitatosha, taulo za maji, mifuko ya plastiki ya kutupia, poti ndogo ya plastiki, sabuni, dumu la maji la lita tano, khanga mbili kuukuu, na kwa kila mtoto nguo pea mbili, kila pea katika mfuko wake uliofungwa. Mfuko wa nguo safi ndio utakaotiwa nguo chafu. Weka na fulana ya mama na ya baba. Matapishi hayachagui.

La pili ni la chakula, nitalieleza chini.

La tatu ni dogo na linakaa kwa mtu mzima: kadi za kliniki, kadi za bima ya afya, kipimajoto, dawa ya maji ya paracetamol na kipimio chake, paketi nne za ORS, dawa yoyote ambayo mtoto anaitumia, fedha taslimu za noti ndogo, chaja. Uzito wa kila mtoto uandike kwenye karatasi, kwa sababu kipimo cha dawa hufuata kilo.

Sweta msizifungie kwenye buti. Mtoto wa Dar akishushwa Kibosho au Marangu saa mbili usiku kwa kaptula, anatetemeka.

Chakula

Vyakula vikavu, visivyo na mafuta mengi, visivyonuka. Chapati kavu, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, mikate, biskuti za kawaida, karanga kwa wale waliovuka miaka mitano tu, kwani mdogo zinaweza kumkwama kooni. Mayai ya kuchemsha yaliwe kituo cha kwanza. Acha maandazi yaliyoloa mafuta, soda na juisi tamu: ndizo zinazorudi kwenye kona ya kwanza.

Maziwa ya kopo yasichanganywe nyumbani. Beba chupa ya chai yenye maji yaliyochemka na unga uliopimwa katika vikopo, changanya wakati wa kunywa, na kilichobaki baada ya saa moja kimwage. Anayenyonya maziwa ya mama ana safari rahisi kuliko wote. Mama yake ndiye anayehitaji maji, lita mbili hadi tatu, hata kama zitaongeza vituo vya kuchimba dawa, yaani kujisaidia.

Njiani utapita wauza machungwa kuanzia Kabuku hadi Segera, na embe kwenye vikapu ukikaribia Korogwe. Nunua mazima, osha kwa maji yako, menya mwenyewe. Nyama choma za vituoni ni za watu wazima.

Siku yenyewe

Jana yake gari lipakiwe saa kumi na mbili jioni, mafuta yawe yamejaa. Alfajiri watoto wabebwe na nguo za kulalia moja kwa moja hadi kitini. Wakipata bahati watalala tena saa mbili nzima, na hizo ni saa mbili mlizopata bure.

Ukiwa unaishi upande wa Mwenge, Tegeta au Bunju, usihangaike na Kibaha na Chalinze. Pita Bagamoyo, kisha kamata lami ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64, ambayo malori yake ni machache. Anayekaa Mbezi au Kimara apite Chalinze, lakini awe ameshaipita kabla ya saa moja asubuhi.

Msata ndicho kituo cha kwanza: uji, mayai, poti, kubadilisha nguo. Baada ya hapo utavuka mto Wami kwenye daraja jipya. Wanaokumbuka lile la zamani, jembamba la gari moja kupita, pale mabondeni, watajua kwa nini nalitaja kwa shukrani. Kisha Mkata, Kabuku, Segera. Segera usipitilize kwenda Tanga. Korogwe ni kama kilomita 20 mbele, na ndipo pa kula mchana, hata kama ni saa tano tu. Tafuta mgahawa wenye ua ulio mbali na barabara, watoto wakimbie. Wakikimbia nusu saa, watakaa saa moja na nusu.

Kuanzia Korogwe reli ya zamani iko karibu na barabara na mashamba ya mkonge yamejipanga kwa mistari. Hapo ndipo michezo inapoanza: nani ataiona reli kwanza, nani atauona mbuyu. Vitendawili havihitaji chaji. "Kitendawili!" "Tega!" "Kila niendapo ananifuata." Wa miaka minne wetu alijua jibu ni kivuli, lakini alikuwa anakataa kulisema mpaka apewe mji. Simu na katuni tunazo, ila tunaziweka kwa ajili ya Hedaru na Makanya, kipande kirefu na kikavu ambako kila mtu amechoka. Anayetapika asipewe simu kabisa.

Mchana jua linahamia upande wa kushoto wa gari, kwa kuwa unakwenda kaskazini magharibi. Funga khanga kwenye kioo cha nyuma kushoto, ibanwe na kioo chenyewe. Usiitandaze juu ya kiti cha mtoto, inazuia hewa na joto linakusanyika chini yake.

Same ni kituo cha lazima: maji, upepo wa matairi, kubadilishana dereva. Na popote mtakapoegesha, hata dakika tano za kulipia mafuta, usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa. Joto la ndani hupanda nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10 tu.

Kutoka Mwanga anza kuutazama mlima. Mchana mawingu huuficha, lakini jioni mara nyingi hufunguka. Waambie watoto yule atakayeiona theluji kwanza ndiye atakayempigia bibi simu.

Sheria yetu ya giza: saa moja jioni ikitukuta bado mbali, tunalala tulipo. Usiku barabara hii ina malori yaliyoharibika yasiyo na taa, yamewekewa matawi tu, na dereva ana zaidi ya saa kumi na tatu za safari mgongoni.

Mtoto akiumwa njiani

Kutapika kwa mwendo huwapata zaidi watoto kuanzia miaka miwili. Mweke kiti cha katikati nyuma aone barabara mbele, fungua kioo kidogo, apate biskuti kavu. Akisema tumbo linauma, au akinyamaza ghafla na kupauka midomo, egesha. Una dakika mbili. Atembee, asuuze mdomo, anywe maji kwa kijiko. Dawa za kuzuia kichefuchefu muulize mfamasia kabla ya safari, ukimtajia umri na uzito, na mtoto wa chini ya miaka miwili usimpe bila daktari.

Akiharisha, paketi moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukiikoroga kwenye chupa ya nusu lita chumvi inazidi, na hiyo inamdhuru.

Homa, mvue nguo nzito, pima, mpe paracetamol kwa kilo zake, kisha elekea hospitali. Usisubiri Moshi. Kwa mpangilio wa njia: Bagamoyo au Tumbi ya Kibaha, Msoga karibu na Chalinze, Magunga pale Korogwe, hospitali ya wilaya Same, kisha Mawenzi na KCMC mkishafika. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayedegedega, anayepumua kwa shida au asiyeamka vizuri, hiyo ni hospitali iliyo karibu zaidi, hata kama ni kurudi nyuma. Namba za kuandika kwenye karatasi: 112 ya polisi, na 199 ya Wizara ya Afya, inayopigwa bure.

Gesti

Ukilala Korogwe au Mombo, piga simu kabla na uulize mambo manne: maji yapo, chandarua kipo na hakijatoboka, gari linalala ndani ya geti, na jiko litakubali kupasha uji saa kumi na moja alfajiri. Hata wakikuhakikishia, beba chandarua chako cha mtoto. Bonde lile lina mbu.

Kurudi

Panga kurudi kabla hujaondoka. Watu wengi hushuka kwa pamoja baada ya mwaka mpya na siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na siku hizo foleni ya kuingia Dar inaanzia Kibaha. Sisi huondoka katikati ya wiki, tukilala Korogwe. Siku mbili kabla tunapima matairi na maji ya rejeta upya, tunajaza begi la pampasi, na tunamwambia bibi mapema, kwa upole, kwamba gari lina nafasi ya mikungu miwili tu ya ndizi. Kiti cha mtoto hakitoki kupisha wa tatu.